MBWA ANAJIKUNA USIKU NA MCHANA: CHUNGUZA SAHANI YAKE KABLA YA KUMPAKA MAFUTA



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu vya usalama, vumbi la mawe na malaria. Leo tutasema juu ya mbwa. Msicheke. Mbwa analinda nyumba wakati baba yuko kazini usiku. Watoto wanacheza naye. Akiwa mgonjwa, nyumba nzima inasumbuka, na taabu hiyo inaweza kumfuata baba mpaka ndani ya mgodi. Sikilizeni habari iliyofika katika dispanseri yetu.

HABARI YA MTUMIKAJI WA EKIPI YA USIKU

Asubuhi moja mtumikaji wa ekipi ya usiku, anayekaa Kadutu, aliingia dispanseri pamoja na mtoto wake wa miaka mitano. Mikono ya baba ilijaa vipele vyekundu. Kifua cha mtoto kilikuwa na vipele vya namna ile ile.

Nilimwuliza: "Papa, mmeshika nini?"

Alinyamaza kwanza. Kisha akasema: "Munganga, ni mafuta ya vidanje. Nilimpaka mbwa, na mtoto akamkumbatia."

Mbwa wao, dume wa miaka mitatu, alikuwa anajikuna tangu miezi minne. Alikuwa analala mbele ya mlango, na kila akijikuna mguu wake unagonga ubao: po, po, po. Baba akitoka kazini asubuhi hakupata usingizi. Juma lililotangulia alisinzia karibu na mashine, chefu wa ekipi akamwona kwa bahati na kumrudisha nyumbani. Siku ile mtu angeweza kupoteza mkono.

Jirani alikuwa amempa shauri: "Chukua mafuta machafu ya injini kule garaji, mpake mwili mzima. Ni dawa ya bure." Akafanya hivyo. Mbwa akajilamba, akatapika siku mbili. Kuwashwa hakukwisha. Sasa baba alikuwa amekata shauri. "Jumamosi nitampa sumu," akaniambia. Mtoto alisikia neno hilo, akaanza kulia pale pale mbele yangu.

Niliwaosha wote wawili kwa sabuni na maji mengi, nikawapa dawa ya ngozi. Kisha nikamwomba baba kitu kimoja: "Papa, usifanye kitu Jumamosi. Mpeleke kwanza kwa veterineri." Mimi ni msaidizi wa mganga wa watu, si wa nyama. Lakini nilikwenda pamoja naye, na yale niliyojifunza kwa veterineri nayaandika hapa, kwa sababu mbwa wanaojikuna ni wengi katika mitaa yetu.

CHUNGUZA WADUDU KWANZA

Mbwa akijikuna, mara nyingi sababu ni wadudu. Veterineri alianza hapo, na wewe pia anza hapo.

Viroboto: chana manyoya ya mgongo karibu na mkia juu ya karatasi nyeupe iliyolowana maji. Zikianguka chembe nyeusi na kuacha alama nyekundu-kahawia katika maji, hayo ni mavi ya viroboto, na rangi ile ni damu ya mbwa. Kama viroboto wapo, kuwatibu peke yake kunaweza kumaliza taabu yote.

Upele wa mbwa: huo unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi. Tazama kingo za masikio na viwiko. Ukiona ngozi nene na magamba, na watu wa nyumba nao wanaanza kuwashwa, fikiri upele, kwa sababu unaweza kumpita mbwa na kumshika mtu.

Funza: tazama kati ya vidole vya miguu na chini ya nyayo. Mbwa anayelamba mguu mmoja tu huenda ana funza au mwiba.

Mbwa wa ndugu yetu hakuwa na mdudu hata mmoja. Hapo veterineri aliuliza swali ambalo lilitushangaza: "Anakula nini?"

ALERJI NI NINI?

Mwili wa mbwa, kama mwili wa mtu, una walinzi wake. Kazi yao ni kupigana na microbi na adui wengine. Lakini pengine walinzi hao wanakosea. Wanaona chakula kizuri, kwa mfano nyama ya ng'ombe, wanadhani ni adui, wanaanza vita. Vita hivyo vinaonekana katika ngozi, katika masikio na katika tumbo. Kosa hilo la walinzi ndilo linaloitwa alerji ya chakula.

Watu wengi wanafikiri kwamba chakula kibaya ni kile cha bei ndogo, au kile mbwa alichokula jana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walinzi wanahitaji muda wa kujifunza adui wao. Kwa hiyo mbwa anaweza kula nyama ya ng'ombe miaka mitatu bila taabu, na mwaka wa nne akaanza kujikuna.

Mwaka 2016 waganga watatu wa wanyama, Ralf Mueller wa Ujerumani, Thierry Olivry wa Marekani na Pascal Prélaud wa Ufaransa, walikusanya habari za mbwa 297 waliothibitishwa kuwa na alerji ya chakula. Katika kila mbwa 100, karibu 34 walisumbuliwa na nyama ya ng'ombe, 17 na maziwa na vitu vya maziwa, 15 na kuku, 13 na ngano, 5 na nyama ya kondoo. Mbwa mmoja anaweza kuwa na adui wawili au watatu. Mbwa wale walikuwa hasa wa nchi za mbali, lakini somo linatufaa: adui ni chakula cha kawaida ambacho mbwa anapewa kila siku, si kitu cha ajabu.

ALAMA ZA KUTAZAMA

Veterineri alitufundisha kutazama mambo haya:

1. Kuwashwa hakufuati majira. Mbwa anajikuna katika vumbi la mwezi wa saba, anajikuna pia katika mvua ya mwezi wa kumi na moja.

2. Analamba na kutafuna miguu yote, mpaka manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu kwa sababu ya mate.

3. Masikio yanauma, yanatoa harufu na uchafu. Yanatibiwa, yanapona, yanarudi tena. Alama hii usiidharau.

4. Ngozi ni nyekundu chini ya makwapa, kwenye kinena, tumboni na kuzunguka mkundu. Mbwa anaburuta matako chini.

5. Pengine anatapika, anaharisha, au anakwenda choo mara nyingi kuliko mbwa wengine.

Mbwa mmoja anaweza kuwa na alama mbili tu. Mwingine anazo zote. Mbwa wa Kadutu alikuwa na nne za kwanza.

Kuna pia alerji ya haraka: uso unavimba ghafula, mapele yanatoka mwili mzima, pumzi inakuwa fupi. Hiyo usingoje. Mpeleke kwa veterineri saa ile ile.

JARIBIO LA MAJUMA NANE

Labda utauliza: "Je, hakuna kipimo cha damu?" Vipimo vya damu vinauzwa katika nchi nyingine, lakini haviaminiki kwa alerji ya chakula. Njia ya kweli ni sahani ya mbwa. Unamwondolea vyakula vyote alivyozoea, unampa vile ambavyo hajavila kamwe, unangoja, unatazama.

Kwanza andika katika kikaratasi kila kitu mbwa anachokula. Usiache hata kimoja. Kikaratasi cha ndugu yetu kilikuwa hivi: bugali wa mahindi, mifupa na supu ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji wa sokoni, mabaki ya maharagi na sombe, mkate.

Halafu chagua chakula kimoja chenye kujenga mwili na kimoja chenye kutia nguvu, ambavyo havimo katika kikaratasi. Hapa Bukavu tuna bahati. Sambaza wa ziwa Kivu, ambao waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, tunawala wazima, kichwa na mkia. Kwa hiyo katika nyumba nyingi mbwa hapati hata kichwa kimoja. Kwa mbwa wa namna hiyo sambaza ni chakula kipya. Ndugu yetu alichagua sambaza na viazi vitamu: fungu moja la samaki kwa mafungu mawili ya viazi, vyote vimechemshwa kwa maji tu. Bila chumvi, bila kitunguu, bila kube ya supu.

Kama mbwa wako amezoea samaki, tafuta nyama nyingine. Katika vijiji vya Walungu na Kabare akina mama na watoto wanafuga kobayi jikoni. Nyama ya kobayi au ya sungura inafaa, kama mbwa hajaila.

Chakula hicho anapewa majuma nane. Majuma mawili hayatoshi. Wale waganga watatu niliowataja walichunguza jambo hili mwaka 2015: majuma matano yanaonyesha mbwa zaidi ya 80 katika kila 100 wenye alerji, na majuma nane yanaonyesha zaidi ya 90.

Neno la kuangalia: mbwa mtoto anayekua asifanyiwe jaribio hili bila veterineri, kwa sababu chakula cha namna mbili tu hakitoshi kumjenga. Na kama masikio au ngozi vimekwisha kuoza, veterineri atatoa dawa kwanza, maana chakula peke yake hakiponyi kidonda chenye microbi.

NYANYA NA MKATE WAKE

Katika nyumba ya ndugu yetu maneno yalikuwa mengi. Baba alisema: "Mimi nakula sombe, mbwa anakula samaki?" Mama wa nyumba akamjibu: "Mifupa ya mchinjaji nayo tunailipa. Na siku ulizorudishwa kazini umezihesabu?" Baba akanyamaza.

Juma la kwanza likapita. Juma la pili likapita. Katika juma la tatu baba alirudi kwangu na uso wa hasira: "Munganga, mmenidanganya. Mbwa anajikuna kama zamani."

Nilikwenda nyumbani kwao. Niliuliza watoto mmoja mmoja, bila kuwatisha. Yule mdogo akasema kwa sauti ndogo: "Nyanya anamupa mukate kila asubuhi. Anauchovya katika mchuzi." Nyanya wa watoto hakukataa. Alisema: "Mnyama anahurumisha. Viazi na samaki, viazi na samaki, kama mfungwa!"

Nyanya hakufanya kwa ubaya. Hakuna mtu aliyemweleza. Hilo lilikuwa kosa letu, baba na mimi. Tulikuwa tumesema na mwenye mbwa tu, na katika nyumba zetu mbwa ni wa watu wote. Kipande kimoja cha mkate wenye mchuzi wa ng'ombe kinatosha kuwaamsha walinzi na kuharibu jaribio.

Tulianza tena siku ya kwanza. Mara hii tuliwakalisha wote: nyanya, mama, watoto, hata jirani wa upande wa chini, kwa maana mbwa alikuwa anakwenda kulamba sufuria zake. Mtoto mdogo alipewa kazi ya kuchora msalaba mmoja kila siku katika kalenda ukutani. Nyanya alipewa kazi ya kupika viazi. Toka siku ile hakuna aliyemlinda mbwa kama nyanya. Mbwa alifungwa kamba uani, asifike kwenye rundo la takataka.

Katika juma la nne aliacha kulamba miguu ya nyuma. Katika juma la sita baba alilala mchana, toka asubuhi mpaka saa tisa, bila kusikia mlango ukigonga. Katika juma la nane manyoya ya tumbo yalikuwa yameota.

USIISHIE HAPO: RUDISHA CHAKULA CHA ZAMANI

Wengi wakiona mbwa amepona wanafurahi na kuacha. Lakini bado hujajua adui ni nani. Labda alipona kwa sababu nyingine. Kwa hiyo unarudisha chakula kimoja cha zamani, kimoja tu, kila siku kwa majuma mawili. Kama ndicho adui, kuwashwa kutarudi katika siku hizo, mara nyingi mapema. Unakiondoa, unangoja mbwa atulie, unajaribu kingine.

Baba alirudisha mifupa na supu ya ng'ombe. Siku ya tatu: po, po, po. Mlango uligonga tena. Akaondoa. Mbwa alipotulia akajaribu mkate mkavu majuma mawili: hakuna kitu. Bugali wa mahindi: hakuna kitu. Maharagi: hakuna kitu. Adui alikuwa ng'ombe peke yake.

Alerji hii haina dawa ya kuiondoa kabisa. Dawa yake ni kukiepuka chakula kile maisha yote ya mbwa. Leo mbwa wa Kadutu anakula bugali, maharagi na sambaza kidogo, na nyanya amerudishiwa ruhusa ya mkate, bila mchuzi.

MAMBO YA KUKATAZA

Mafuta ya vidanje si dawa. Ni sumu. Yamebeba taka za injini, yanapita katika ngozi, na mbwa anayameza akijilamba. Yanachoma mikono yako na ngozi ya mtoto. Na mafuta ya garaji hayatoki garaji: hiyo ni sheria ya usalama kwetu sote. Vilevile petroli, na dawa ya kuua wadudu wa shamba.

Usimpe mbwa vidonge vyako vya maumivu. Parasetamoli na ibuprofene vinaweza kumwua. Usimdunge dawa ya ng'ombe ya wadudu kwa kukisia kipimo.

Usichanganye alerji na sumu. Kitunguu, kitunguu saumu na chokoleti ni sumu kwa mbwa wote, si kwa mmoja tu. Unga wa mahindi wenye ukungu nao ni sumu, kwa mbwa na kwa watu. Usiseme: "Huu umeharibika, tumpe mbwa." Utupe.

MASWALI MNAYONIULIZA

"Je, alerji ya mbwa inaambukiza watoto?" Hapana. Alerji haimpiti mbwa. Upele unaweza kupita. Ndiyo sababu tunachunguza wadudu kwanza.

"Je, watu nao wana alerji ya chakula?" Ndiyo. Kuna mtoto ambaye akila yai, karanga au samaki midomo inavimba na pumzi inamkaza. Huyo mlete dispanseri mbio, usiku au mchana.

"Mbwa wangu amebadilika tabia: anauma ovyo, anatoa mate, hawezi kumeza. Je, ni alerji?" Hapana! Hayo ni mambo ya kichaa cha mbwa. Usimkaribie, mwite veterineri. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha umlete kwetu papo hapo kwa chanjo. Usingoje alama zitokee kwa mtu, maana zikitokea karibu hakuna anayepona. Na mbwa wote wapewe chanjo ya kichaa kila mwaka, hata wasio na taabu yoyote.

NENO LA MWISHO

Jumamosi ile ya sumu ilipita bila sumu. Baba ndugu yetu yuko kazini, macho wazi, vidole vyake vyote kumi mkononi. Mtoto wake bado ana ile kalenda yenye misalaba, na amekataa isitolewe ukutani.

Basi, ndugu mtumikaji, na wewe mama wa nyumba: mbwa akijikuna, usikimbilie garaji wala sumu. Tafuta wadudu. Kama hawapo, chukua kikaratasi na kalamu, uandike anachokula. Halafu waite watu wote wa nyumba, na nyanya awe wa kwanza.

Msaidizi wa mganga, dispanseri ya kampani